Luhende Mayala, Fundi wa Mabanda ya Maonesho

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Familia imemsimamisha Mhoja, shemeji wa marehemu, asome maisha haya, ingawa wapo wenye miguu mizima na sauti nzuri kumshinda, na sababu mtaisikia.

Luhende Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika kijiji cha Nkoma, akasoma shule ya msingi hapo hapo tangu 1979 hadi 1985, kisha akajifunza useremala Nyalikungu, Maswa, kwa miaka miwili, ambako mwalimu wake alilalamika kwamba kijana huyu anamaliza rangi kwa kupaka hata pasipoonekana.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Benedikta, dada yake Mhoja, wakajaliwa watoto watatu, Flora, Josia na Esteria.

Alianza na milango na makabati hapa Bariadi, na kuanzia 2014 akawa fundi wa mabanda ya maonesho, yeye akichora, Mhoja akichomelea fremu. Kila banda alilisimamisha kwanza uani kwake, akawaita majirani wapite ndani kama wateja, akitazama miguu yao tu, na pale waliposimama ndipo alipopanga bidhaa, kisha akalifungua lote, akaandika namba kwenye kila kipande, likapakiwa kwenda viwanja vya Nanenane. Wengi wenu mlipita pale mkidhani mmeitwa chai.

Tarehe 27 Julai 2019 walikuwa wakisimamisha banda la wakulima wa pamba, lenye mnara wa bango. Mhoja alimwambia nguzo zichimbiwe zaidi, kwa kuwa udongo wetu wa mbuga, huu mweusi wa mfinyanzi, ukikauka hupasuka, na mashimo yalikuwa kando ya ufa, lakini marehemu, mzaliwa wa udongo huo huo, jamani, akajibu kwamba kiangazi udongo huo ni zege tupu. Saa nane mchana kisulisuli kikapita, mnara ukamwangukia Mhoja, na hospitalini mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti.

Marehemu hakujenga banda tena. Alikwenda kwa Mhoja kuomba msamaha mara nne, mara ya pili akiwa na wazee wa ukoo na mbuzi, mbuzi akaliwa, na jibu likawa lile lile, bado.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua. Mwanzoni mwa Juni alimtuma Benedikta amwite kaka yake, naye Mhoja akasema amalize kwanza kuvuna pamba, ilhali ilibaki mistari michache. Alhamisi tarehe 19 Juni, saa tatu asubuhi, Luhende alifariki, akiwa ameagiza kwamba historia yake isomwe na Mhoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliotengeneza jeneza hili bila kuombwa.

Na mimi Mhoja, niliyejificha nyuma ya jina langu tangu mwanzo wa karatasi hii, nasema mbele yenu. Shemeji, nilikwisha kukusamehe tangu masika ya mwaka juzi, nilikuwa naona raha tu kuombwa. Pumzika, amani yote chukua wewe.