Mfungulieni Akidor Geti

Sikilizeni, wanangu, na wewe Abdub ondoa hiyo simu kwenye mto wangu. Unasema inarekodi, mtasikiliza baadaye mkipata nafasi. Hiyo baadaye mimi sitakuwepo. Itie mfukoni, kaeni hapa kitandani mniangalie.

Kwanza mali, isije ikawagombanisha. Nyumba hii ya Chechelesi ni ya Abdub na ndugu yake Huka. Ngamia yule mwekundu na watoto wake ni wa Sabdio, na asitokee mtu wa kusema binti hachungi ngamia, maana ni yeye aliyewanywesha ngamia hao nyinyi mkiwa shule. Vibuyu vyangu vya maziwa ni vyake pia. Mali imeisha hapo, haijawahi kuninyima usingizi.

Kinachoninyima usingizi ni chumba hiki. Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini humu aliyevunjika guu ni mkuu mwenyewe, na tangu siku hiyo mnanilisha, mnanigeuza, mnaniwashia televisheni, halafu mnaongea juu ya kichwa changu kama mimi ni gunia la mchele. Nikifungua mdomo mnasema, "Mama, pumzika." Nimepumzika mpaka nimechoka. Dirisha lina vyuma, mlango mnaufunga kwa sababu ya vumbi, na maneno yangu yanakaa kifuani yananibana kuliko huu mguu.

Nyinyi ni Waborana, desturi mnaijua. Kwetu mtu hatoi habari peke yake. Mwingine anakaa mbele yake, anamwitikia kila kipande, ee, ee, mpaka msemaji mwenyewe aseme imeisha. Usipomwitikia, umemwambia anyamaze. Mmenijengea nyumba ya mawe, Mungu awalipe, lakini hiyo ee mmeisahau.

Akidor alinipa. Yule mama Mturkana wa makaa, aliyekuwa akitua gunia lake mlangoni na kuketi hapo sakafuni. Kiborana chake amekiokota sokoni, lakini hakunikatiza hata mara moja. Nilimsimulia mdogo wangu aliyekufa wakati wa kiangazi, jambo ambalo hata baba yenu sikumwambia, na siku hiyo niliomba chakula mwenyewe. Yeye naye alimlilia mtoto wake hapa, nikamwitikia. Halafu tulicheka, wazee wawili bila meno.

Kisha mbuzi wa Abdub wakaibiwa kule Ngaremara, watu wakasema ni Waturkana, na Abdub akafunga geti, Mturkana asikanyage hapa. Usiinamishe kichwa, Abdub. Siku ile kila mtu alikuuliza mbuzi wangapi, bunduki ngapi. Kwangu ulisema ulivyowakimbia wezi ukalala ndani ya mtaro ukiuma shuka usilie, nikakuitikia mpaka ukamaliza, ukasinzia miguuni pangu kama mtoto. Dawa hiyo uliipata hapa, halafu ukaifungia yangu nje. Akidor hakuchukua mbuzi wako.

Bado anapita. Nasikia akisimama getini anatangaza makaa kwa sauti kubwa, ili nijue yupo. Yeye yuko nje, mimi niko ndani, na siwezi hata kujiburuta. Inaniuma sana, wanangu.

Basi shikeni haya. Mnizike siku hiyohiyo, Sabdio asimamie kuoshwa kwangu. Huka na Abdub, msilale mmenuniana. Lakini baraka... ngojeni, pumzi imekuwa fupi... baraka sijaitoa. Najua ndiyo mnayoingojea. Nitaitoa geti likiwa wazi na Akidor ameketi hapo, kwa sababu kuna neno moja limebaki, na nyinyi ni watoto wangu, siwezi kuwatwika.

Abdub? Unavaa viatu uende wapi?

Haya. Haya, mwanangu. Mungu akupe mvua na maziwa... Nenda upesi. Na ukifika getini usiite "wewe wa makaa". Mwite kwa jina lake.