Minazi Miwili ya Kisimani

Sogeeni, wanangu. Rotia, mnyweshe mtoto kwanza, maana sauti yangu imekuwa ndogo, haiwezi kushindana na yake. Ioteba, kaa chini. Ukisimama hapo unanizibia upepo, na upepo ndio chakula changu siku hizi.

Nimechoka. Si ugonjwa tu. Nimechoka kusikiliza ugomvi wenu mkidhani nimelala. Ioteba, shamba la upande wa bahari ni lako, kama baba yangu alivyoniachia mimi. Mashimo ya magimbi ni ya Rotia, na asitokee wa kumwambia kwamba aliyeolewa hana chake hapa kisiwani kwetu Abaiang. Ni yeye aliyeyalisha majani ya mbolea tangu akiwa mdogo. Hayo yamekwisha. Yaliyobaki ni minazi miwili ya kisimani, kisu changu na nyimbo.

Najua neno mlilorudi nalo kutoka kwa wazee wa maneaba, nyumba yetu ya mikutano: kwamba mwanamke hapandi mnazi. Mwanao wa kiume, Rotia, aliyekuwa akitugemea, ameondoka kufanya kazi melini. Wewe Ioteba magoti yamekataa, mimi ndiyo hivi mnavyoniona, na Rotia maziwa yamemkaukia. Mtoto angekunywa nini? Basi Kinaai, dada yake, msichana wa miaka kumi na mitano, akachukua kisu akapanda kumgemea mtoto tembo bichi, lile tamu lisilolevya. Akapanda kimya kimya, asubuhi na jioni, mpaka siku jirani yetu Bi Terengaiti alipokuwa akioga kisimani, akainua macho, akaona miguu inaning'inia kwenye makuti, akapiga kelele: “Mzimu! Mzimu umevaa sketi!” Hata mimi nisiyeinuka niliinuka. Msicheke sana, nami nitacheka, na kifua kitaniuma.

Ioteba, uliniambia, “Baba, mwanamke juu ya vichwa vya wazee! Tuikate ile minazi, yaishe.” Nawe Kinaai ukadakia, “Kata, mjomba, halafu umnyonyeshe mtoto wewe.” Ni kweli, mjukuu wangu, lakini mkubwa hajibiwi hivyo hata ukiwa umemshinda. Mwombe radhi leo, kabla hamjala.

Sasa shikeni neno langu. Mnazi haumuulizi apandaye kama ni wa kiume au wa kike. Unataka mkono mwepesi. Tembo la kwanza la Kinaai lilikuwa chungu, maana alikata karara kama anayepasua samaki. La jana lilikuwa tamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwa hiyo naishia hapo.

Lakini Kinaai, kosa unalo, na si lile wanalolisema. Ulipanda bila kuimba. Mgema wa kwetu huimba akiwa kileleni, ili aliye chini ajue kuna macho juu yake, ajifunike. Anayenyamaza juu ya mnazi ni mwizi au mchunguliaji. Wewe ulinyamaza wasisikie sauti ya msichana, na kunyamaza huko ndiko kulikokuaibisha. Jambo ambalo watu hawakulitarajia kwako, mama, lifanye wakikusikia.

Nyimbo za baba yangu nilimwekea mwana wa kiume. Aliyezisikiliza ni huyu Kinaai. Amezishika nikiziimba kwa sauti ya chini hapa mkekani. Minazi ni yake, kisu ni chake, nyimbo ni zake. Ioteba, wewe ndiye utakayesimama kwenye maneaba useme hivyo kwa kinywa chako. Wakilisikia kwa mwingine watasema mzee alipayuka. Ni mzigo, najua. Ndiyo maana nakupa wewe.

Wakati wa kugema jioni umefika. Kisu kiko pale juu ya boriti. Nenda, mjukuu wangu. Rotia, kunja ule mkeka uliotundikwa upande wa kisimani, nisikie vizuri.

Msinizike... msinizike mbali na kisima. Muwe na afya. Mpatane. Kisima kisiwakaukie, wala vizazi vyenu... Usilie, Rotia, utanifanya nisisikie.

Bado hajaimba.

Imba, mjukuu wangu. Toa sauti...

Ah. Huyo.

Terengaiti, jifunike. Mgema yuko juu.