Dawa Maradufu kwa Samaki wa Mama Léocadie

Asubuhi hiyo, huko Keshero, mtaa ulio kati ya volkano na ziwa, ubao wa kahawa ulikuwa mahali pake, umelazwa juu ya mawe mawili meusi ya volkano, ukiuelekezea mgongo ukuta wa nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia. Mama Bénita, muuza kahawa, alikwisha kufungua thermosi zake. Wazee wawili walikuwa wameketi ubaoni: Volkano, ambaye kwa ubatizo ni Dieudonné, lakini hakuna baya lolote chini ya jua asiloutwika mlima, na Docteur, yaani Twagirayezu wa Masisi, aliyewahi kutibu ng'ombe wa watu na ambaye bado hutembea kana kwamba kundi zima linamfuata nyuma. Vita vilikuwa vimewachosha wote, hata ubishi wao ulikuwa ubishi wa watu wanaoogopa kunyamaza. Ndipo akatokea Onésime, mlinzi wa nyumba ile, ametoka ziwani na bidoni ya maji begani. Akaketi bila kusalimu. Hilo halikuwa desturi yake.

— Papa Oné, kuko nini? akauliza Mama Bénita.

— Mwingine amekufa.

Hakuna aliyeuliza ni nani. Mama Léocadie, mjane, kabla hajavuka mpaka kwenda Kampala, alikuwa amemkabidhi Onésime ufunguo wa nyumba pamoja na tangi la kioo lenye samaki aliowapenda marehemu mume wake. Onésime akainua mkono wa kuume mbele za Mungu, akamwambia: utawakuta hai. Ng'ombe wake mwenyewe walibaki katika vilima vya Masisi, mikononi mwa wenye bunduki, wala hakuokoa hata ndama. Kwa hiyo alipopewa viumbe hawa wadogo alijua moyoni kwamba Bwana anampima mara ya pili. Na sasa walikuwa wamebaki wawili, wakielea juu kabisa ya maji, vinywa wazi, wakitweta.

— Ni mazuku, akasema Volkano. Ile hewa mubaya ya chini ya udongo inaua mbuzi muzima. Itashindwa na samaki?

— Mazuku mu nyumba ya simenti? Docteur akadakia. Weye hata viatu vyako vikipotea kanisani utasema ni mulima.

— Viatu vyangu viliungua mu volkano, Docteur. Usinichezee.

— Sikia, Oné. Ng'ombe ikikataa kula, unaipa chumvi. Basi na samaki muwekee chumvi. Kisha dawa ya minyoo, ile ya ndama. Sindano moja tu.

— Utamuchoma wapi? akauliza Mama Bénita. Ku bega?

Wakacheka, kicheko kifupi, cha watu ambao pumzi haiwatoshi.

— Miye nasema wanamulilia mama yao, akaendelea Mama Bénita. Geti imefungwa, jenereta imenyamaza, hakuna mutu anaomba mezani. Waimbie, Papa Oné. Asubuhi na mangaribi.

— Niliimba. Nyimbo zote ninazojua.

— Kiswahili? akauliza Volkano. Samaki wa kununua vile, pengine wanasikia Kifaransa tu.

— Tena marehemu alikuwa Mukatoliki, Docteur akaongeza. Na weye unawapigia kelele za Kipentekoste!

Onésime hakucheka. Kuna faraja ya namna hiyo duniani: humzunguka mwenye taabu tangu alfajiri mpaka jua lichwe, ikimwaga maneno, wala isinyanyuke kumtazama mgonjwa.

— Sikuwafanyia mubaya, akasema polepole. Kila siku ninamwaga mayi yote, ninasugua kioo, ninaweka mapya. Na si mayi ya ovyo! Ninapanga mustari kwa watu wa sindano, wale wanaopima kwa sindano dawa ya kuua kolera na kuitia mu bidoni pale ziwani. Samaki walipoanza kuugua, nikamulilia kijana wa sindano aniongezee, nikamuambia nyumbani kuko wagonjwa. Ananitilia mara mbili.

— Umefanya vizuri, akasema Docteur. Mayi safi ni uzima.

— Ile harufu tu, hata shetani anakimbia, akasema Mama Bénita.

Wakati huo mwanamke alikuwa amesimama mbele yao, mtoto mgongoni, bidoni tupu mkononi. Aliitwa Mukamurenzi. Alikuwa ametoka Kanyaruchinya pale kambi ya wakimbizi ilipovunjwa, na sasa alilala na wanawe katika nyumba isiyo na paa. Alitaka kuonyeshwa mahali pa kuchota, lakini alikuwa amewasikia.

— Munisamehe, wazee. Hiyo mayi inatoka mu ziwa?

— Mu ziwa, mama.

— Na mu ziwa kuko samaki?

— Wamejaa! akasema Volkano.

— Sasa wale, nani anawawekea dawa?

Volkano akautazama mlima, nao mlima ulikuwa mawinguni. Mama Bénita akapangusa kikombe kilichokuwa kikavu.

Onésime akafungua kifuniko cha bidoni yake. Harufu ya klorini ikapanda, kali, ile aliyoihesabu siku zote kuwa harufu ya rehema. Kati ya ziwa na kioo kile palikuwa na kitu kimoja tu kilichoongezwa, naye alikuwa amekiomba kwa machozi, kisha akaomba zaidi. Bidii yake ilikuwa ya kweli. Ujinga wake nao ulikuwa wa kweli, na bidii haikuwafufua waliokufa. Lakini wawili walikuwa hai bado.

Akasimama, akaiweka bidoni miguuni pa yule mwanamke.

— Chukua hii, mama. Dawa imezidi, changanya na mayi ingine. Itawalinda watoto.

Kisha akaichukua bidoni tupu ya Mukamurenzi na kuanza kushuka, si kwenye mstari, bali upande wa majabali, ambako watu wa sindano hawafiki.

— Na samaki zako, papa? mwanamke akamwita.

— Wao, akajibu bila kugeuka, walishakunywa dawa ya kutosha.