Bramwel Wafula Simiyu na Tabaka la Chini

Marehemu Daktari Bramwel Wafula Simiyu aliagiza kwamba siku ya kuzikwa kwake, makosa yake mawili yasomwe pamoja na sifa zake. Agizo hilo linatimizwa hapa.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1974 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Mombasa, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Simiyu na Mama Aida. Mama alifariki Januari 1981. Mzee alikuwa na zamu zake za reli, basi dada mtu, Nekesa, aliyekuwa na miaka kumi, akatolewa darasa la nne ili amlee mdogo wake, naye Bramwel akaingia la kwanza. Nekesa hakuulizwa.

Marehemu alisomea Tononoka. Jioni alimfuata dada yake Mji wa Kale, alikokuwa akifua nguo za watu. Njiani palikuwa na duka la Mzee Badawi, fundi wa kuchovya masinia ya shaba katika fedha. Mzee alikuwa akiinamisha sinia mlangoni, mwanga ulipige kwa upande, apate kujua fedha imeshika kiasi gani. Bramwel akaganda pale.

"Wewe, waja kununua ama waja kunimalizia mwangaza?"

"Babu, mwangaza waingia mpaka wapi?"

"Nekesa, mwanangu, mwondoe huyu kabla hajaniuliza na umri wangu!"

Swali hilo ndilo lililomlisha maisha yake yote.

Alihitimu shahada ya fizikia mwaka 1998. Tarehe 14 Desemba 2002 alimwoa Wanza Kilonzo, kanisani Tudor, wakajaliwa Wendy na Nicodemus. Pilau ya harusi aliipika Nekesa, na watu walirudia sahani.

Mwaka 2005 alikwenda Ujerumani, akarudi 2009 akiwa daktari. Alichunguza matabaka ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, membamba hata maelfu yake hayafiki unene wa unywele. Aliyamulika. Mwanga ulirudi umejipinda kidogo, na mpindo huo ulimwambia sumaku ya chuma imeelekea wapi. Kazi ilikuwa kujua ni tabaka lipi linalosema, kwa sababu mwanga hufifia unavyozama, na la juu hupiga kelele kuliko yote. Katika kitabu chake cha udaktari aliandika kwamba tabaka la chini kabisa limekufa, halina sumaku. Alisifiwa sana.

Tangu 2010 alifundisha chuoni, Tudor. Wanafunzi walimpenda, maana hakumcheka aliyeuliza jambo dogo. Mwaka 2016 alirudia kipimo kile na Sabir, fundi wa maabara. Safari hii alikizungusha kidogo kipande cha kioo kilichokaa njiani mwa mwanga, na tabaka la chini likasema. Lilikuwa hai siku zote. Kioo alikuwa amekiweka yeye mwenyewe mahali ambapo sauti ya tabaka lile, na ya lile tu, hufutika.

"Daktari, miaka saba imepita," Sabir alimwambia. "Nani atajua?"

"Mimi si nimeshajua?"

Akaandika masahihisho, akayapeleka Ujerumani, kwenye maktaba ya chuo alichosomea, kwa jina lake. Hilo ndilo kosa la kwanza. Wasomi wengi wangelifukia.

Mwaka 2018 Nekesa alijiunga na ngumbaru. Alipojua kusoma, alikishusha kile kitabu rafuni. Katika ukurasa wa tano, wa shukrani, alitafuta jina lake mstari kwa mstari. Kulikuwa na maprofesa, mchungaji, baba yao, na paka wa mwenye nyumba. Alikirudisha rafuni, na kwa miaka sita hakusema neno.

Saratani ya ini iligunduliwa Mei 2024. Nekesa alihamia Tudor kusaidiana na Wanza kumwuguza. Asubuhi moja, dada akimnywesha uji, marehemu alimwuliza, "Dada, mbona siku hizi huniambii kitu?"

"Nilisoma kitabu chako."

"Kile ni Kiingereza, dada."

"Majina hayana Kiingereza."

Marehemu alisukuma kikombe kando. Uji ulipoa. Kisha akamwita Wendy alete karatasi, akaandika mwenyewe, akataka ipelekwe kulekule Ujerumani yalikokwenda masahihisho ya kwanza:

"Masahihisho, ukurasa wa tano. Nimeandika kana kwamba nilijilea. Nililelewa na dada yangu, Nekesa Simiyu, aliyetoka darasani ili mimi niingie. Bila yeye kitabu hiki hakipo. Kosa ni langu."

Alifariki tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, dada yake akiwa amemshika mguu. Jibu la maktaba lilifika siku ya pili: karatasi imebandikwa kitabuni.

Ameacha mjane, Wanza, watoto, Wendy na Nicodemus, wanafunzi wengi, na dada yake, Nekesa, ukurasa wa tano.

Alale kwa utulivu. Amesahihisha.