Sweta Mbili za Mama Jangir Kaur

Wasikilizaji wapendwa, kama uko kwenye barabara ya Sirhind asubuhi hii yenye ukungu, pale kona ya Kheri Tibba hukuona moshi jana wala juzi. Jiko la Mama Jangir Kaur lilikuwa limezimika. Mama Jangir amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Amefariki akiwa amelala sakafuni.

Sakafuni, ndiyo. Siku hizi za msiba za mwezi wa Poh, mwishoni mwa Desemba, nani kwetu anapanda kitandani? Tunawaomboleza wale watoto wawili wa Guru, kiongozi wa dini yetu wa kale, mmoja wa miaka tisa, mwingine wa sita, waliofungiwa na mtawala kwenye mnara wa baridi pamoja na bibi yao. Wakakataa kuacha imani yao. Wakazibwa ndani ya ukuta wakiwa hai.

Mama Jangir alikuwa na nadhiri yake. Kila Poh alifuma sweta mbili. Mbili tu, wasikilizaji: moja ya mtoto wa miaka tisa, moja ya mtoto wa miaka sita. Akiwagawia mahujaji waendao Sirhind kuwakumbuka maziwa ya moto pale kona, alitafuta watoto wawili wanaotetemeka, akawavalisha. Miaka arobaini alifanya hivyo. Jirani yake Simro alimtania kwamba atakufa na sindano mkononi. Naye alijibu kwamba afadhali sindano yake kuliko ulimi wa Simro.

Alikuwa mjane, na alikuwa na mwana mmoja, Lakhvir, aliyekwenda Italia kukamua ng'ombe. Miaka kumi na moja iliyopita Lakhvir alipata likizo Desemba. Akapanga harusi, na tarehe ikaangukia siku zilezile. Huko ugenini kalenda haina Poh! Alipogundua, ahadi ilishatolewa kwa wakwe, akaona haya kuivunja. Mama akamwambia mara moja tu:

"Siku hiyo bibi ya wale watoto wa Guru aliwafunga vilemba wakaenda kufa. Leo mimi nikufunge kilemba cha harusi, mwanangu?"

Kijana akaoa bila mama. Mama akabaki sakafuni. Hakuna aliyempigia mwenzake simu, miaka kumi na moja. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wote wawili vichwa vigumu.

Upweke ule ulimla, tusifichane. Alizoea kupika chapati mbili, akala moja, ya pili akampa mbwa wa jirani. Habari za wajukuu alizipata kwa Simro: amezaliwa mvulana, kisha mvulana mwingine. Simro akimwonyesha picha zao kwenye simu, alidai macho yake hayaoni. Halafu aliomba simu iachwe hapo kidogo.

Mwaka huu alimaliza kufuma sweta mapema, za rangi ya buluu. Watoto wakapita wakitetemeka. Mama akawapa maziwa, mmoja akampa hata shali yake mwenyewe, lakini sweta hakuzitoa. Simro akamuuliza kulikoni.

"Mwaka huu zina wenyewe," alisema.

Simro akahesabu vidole. Mkubwa wa Lakhvir ametimiza tisa. Mdogo ana sita.

"Basi mpigie, Mama. Namba ninayo."

"Siku za msiba zipite kwanza."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Hakuzimaliza.

Lakhvir alifika Alhamisi na familia yake, akawasha kwa mkono wake moto wa kuuteketeza mwili wa mama yake. Niliongea naye nje ya nyumba ya mama yake. "Kila Poh nilishika simu," aliniambia. "Kila Poh nikasema, nitapiga mwakani."

Wale wavulana walikuja na vijikoti vyepesi. Simro akaingia ndani, akatoka na sweta, akawavalisha. Ziliwakaa sawasawa. Mdogo akanyoosha mikono, akaitazama mmoja baada ya mwingine.

"Baba, alijuaje kipimo changu? Si hajawahi kuniona?"

Simro, ambaye hajawahi kukosa neno, akainama kumnyooshea sweta. Lakhvir ndiye aliyejibu.

"Alikijua hata kabla sijazaliwa."

Kwa Lakhvir, mkewe na wanao, kwa Simro na Kheri Tibba yote, tunawapa pole kwa moyo wetu wote. Leo jiko la Mama Jangir limewashwa tena. Wavulana wawili wa sweta za buluu ndio wanaoshika vikombe. Ukipita kona ile, simama, unywe maziwa. Kisha toa simu mfukoni, umpigie yule uliyesema utampigia mwakani.