Bi Kiwiko Bado Hajakutanishwa

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, Bi Kiwiko anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya kuandaa hafla kwa miaka ishirini na saba. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kugawa beji za majina mlangoni. Haukupita muda akaona jambo ambalo sisi wengine tulilipita tu: makampuni yanalipia ukumbi, vipaza sauti na chakula ili watu wafahamiane, halafu kila mgeni anaganda na mwenzake aliyekuja naye. Akaziacha beji mezani, akaingia ukumbini. Hakurudi tena mlangoni.

Kazi yake ilianza wakati wa chai. Waliokuwa wakicheka hakuwagusa. Alimtafuta yule anayelisoma upya bango la ukutani, au anayejifanya anaongea na simu. Alimgusa kiwiko taratibu, akamvusha ukumbi, akamtambulisha si kwa cheo bali kwa shida yake: huyu anatafuta ghala, na wewe ghala lako linakaa tupu. Kisha alisubiri hadi waanze kuongea bila kumtazama, akaondoka. Alitufundisha kwamba mgeni akishakusahau, kazi yako imekwisha. Uongozi wetu ulilishika somo hilo kuliko sisi wanafunzi wake.

Si kwamba hakukosea. Kwenye mkutano wa watu wa bima aliwaona bwana mmoja na bibi mmoja wamesimama pembe tofauti, wamenuna, akawavuta pamoja na kuwahakikishia kwamba wana mengi ya kuzungumza. Kumbe ni mume na mke, wamekuja na magari mawili. Bibi alimjibu kwamba ni kweli, yapo mengi sana, na akaanza palepale. Tulicheka hadi tukaegemea ukuta. Nyumbani nako mwanawe wa mwisho alikataa katakata kutafutiwa mchumba na mama mtu, akaoa binti aliyekutana naye kwenye foleni ya benki. Mkwe anampenda sana. Foleni hajaisamehe.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Mwaka huu kampuni imenunua programu ya simu ya kuwakutanisha wageni, na nafasi ya Bi Kiwiko imefutwa. Sisi wasichana wawili aliotufundisha tumeambiwa mikataba yetu haitaendelea. Siku ya majaribio niliuona ukumbi mzima umeinamia simu, kila mtu akimtafuta mtu aliyesimama mbele yake. Ripoti ilisema mambo yalikwenda vizuri.

Bi Kiwiko hakujiombea chochote. Aliomba tu kumwona mkurugenzi, amweleze kwa nini wasichana wake wabakizwe. Akaambiwa mkurugenzi yuko kikaoni. Kisha yuko safarini. Kisha aandike barua pepe. Miezi imekatika, na mwanamke aliyewakutanisha wenye mabenki na wakulima, mawaziri na mafundi seremala, hajakutanishwa na mtu anayekaa ghorofa moja juu yake. Inaniuma, na sitajifanya hainiumi kwa sababu leo kuna keki.

Wakongwe wa ofisi wanakumbuka zaidi. Kuna kijana aliyewahi kuja kwenye hafla yetu akiwa hana kazi, akasimama kando ya meza ya chai na kikombe kitupu mkononi, hadi Bi Kiwiko alipomshika kiwiko na kumfikisha kwa mwenye kampuni hii yetu. Kijana huyo ndiye mkurugenzi wetu. Amemsahau kabisa, maana yake kazi ile ilifanywa barabara.

Bi Kiwiko, asante kwa kila mtu uliyemtoa pembeni, nami nikiwamo. Tunakutakia mapumziko mema, afya, na wajukuu wanaokubali kutafutiwa wachumba. Ila leo usikae mbali na meza ya chai. Ratiba ya hafla ya leo inampa mkurugenzi dakika chache za kukukabidhi zawadi, halafu ataaga mapema, kama ilivyo desturi yake. Akishuka jukwaani tu, nitakugusa kiwiko, nitakuvusha ukumbi, nitamwambia wewe ni nani na unahitaji nini. Utanisamehe, mama, kwa kuivunja kanuni yako mara hii moja: sitaondoka. Nitasimama hapohapo hadi akukumbuke.