Maisha ya Mzee Magugu na Nondo Wake

Dada mkubwa wa marehemu ameambiwa aeleze wasifu huu kwa ukurasa mmoja. Hakupenda. Wanaojua kuandika wamejaa ukoo huu, ila kazi ikiwa ngumu anakumbukwa bibi wa darasa la pili. Basi asisahihishwe.

Marehemu, mliyemwita Mzee Magugu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa watoto watano. Alisoma hadi darasa la saba. Mwaka 1974 aliajiriwa kufyeka nyasi kwenye mtambo wa kusukuma maji. Huko, ndani ya mabua makavu ya gugu moja la majimaji, alikuta viwavi. Akatia bua kwenye chupa; baada ya wiki akatoka nondo wa rangi ya majivu, mdogo kama punje ya mchele, ana mstari wa fedha kwenye bawa. Mtaalamu wa wadudu aliyeonyeshwa alisema nondo wa aina hiyo hajaonekana kwa miaka sitini. Tangu hapo mfyekaji akagoma kufyeka kipande kile. Alipata barua tatu za onyo. Mtambo ulipofungwa, mwaka 2003, akayahamishia magugu nyumbani, nyuma ya bafu.

Alimwoa fundi cherehani tarehe 2 Juni 1979. Mkewe alikuwa akisema, "Wifi, wenzangu wameletewa mke mwenza, mimi nimeletewa mdudu."

Septemba 2019 alilazwa wiki tano kwa ugonjwa wa figo. Dada yake akaja kumsafishia uwanja. Akafyeka magugu, akayachoma, akijua anatenda wema. Marehemu alirudi, akalitazama jivu. Siku ya tatu akashuka kwenye mteremko nyuma ya ukuta, ambako magugu yalikuwa yameenea na dada alishindwa kufika kwa sababu ya goti. Akarudi na bua, ndani kiwavi hai.

"Dada, goti lako lina akili kukuzidi."

"Nyoo! Lingekuwa zima ungelia mpaka leo."

"Hata pole hunipi?"

"Sikupi."

Hakumpa. Ila panga hakulishika tena.

Alifariki nyumbani tarehe 14 mwezi huu, saa nne asubuhi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na nondo ambao hakuna aliyewahesabu. Mungu amlaze pasipofika panga.

Kamati ya mazishi imesema mteremko ufyekwe leo, magari yapate pa kukaa. Haufyekwi. Mabua yamekauka, viwavi wamo ndani. Wewe uliyeshika karatasi hii, kaegeshe barabarani. Na aliyekuja na panga alilete kwa dada wa marehemu, mkononi, kabla jeneza halijashushwa.